Pip imesakinisha, Python haioni

Ukisakinisha kifurushi kwa pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) kisha Python ikakurushia `ModuleNotFoundError`, mara nyingi kifurushi kipo, ila kimeingia kwenye Python nyingine. Kompyuta moja huweza kuwa na Python mbili tatu, na pip unayoiita si lazima iwe ya ile inayoendesha programu yako. Andika `pip --version`: utaona folda ilipo pip, na kwenye mabano toleo la Python yake.

Dawa ni kuandika `python3 -m pip install requests` badala ya `pip install requests` (`requests` ni mfano tu wa kifurushi). Hapo Python unayoitaja ndiyo inayopokea mzigo.

Kwenye Linux za Debian 12 au Ubuntu 24.04 utagomewa kwa kosa la `externally-managed-environment`. Usilazimishe kwa `--break-system-packages`. Zipo zana za mfumo wenyewe zinazotegemea Python hiyo, na ukiziharibu utajuta. Badala yake, upe mradi wako mazingira yake ya Python: ukiwa ndani ya folda ya mradi, andika `python3 -m venv .venv`, halafu `source .venv/bin/activate`, kisha rudia kusakinisha kifurushi. Amri ya kwanza ikikataa, sakinisha `python3-venv` kwa apt (kisakinishi cha mfumo), urudie. Kila ukifungua terminali mpya, rudia ile ya `source`. Wengi husahau hapo.