Jinsi ya kuzijua hizi ndege ndogo za jeti (CRJ, ERJ, E190, A220) na kwa nini majina yake yanachanganya hivyo

Wadau, mimi nimekulia Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar, ndege zinapita hadi bati linatikisika, na swali ambalo naulizwa kila siku ni moja tu, ile ndogo iliyopita sa hivi ni ndege gani? Baba yangu yeye ana jibu moja kwa zote, "si bombadia hiyo". Na wengi bongo ndo tunasema hivyo, chochote kisicho kikubwa ni bombadia, yaani ya kampuni ya Bombardier ya Kanada. Sasa leo nataka niwaelekeze vizuri kwa sababu ukishajua vitu vichache tu hutochanganya tena, na pia nieleze habari ya majina maana ndo inayovuruga watu kuliko hata maumbo yenyewe.

Kwanza tuondoe zile za pangaboi. Kama ina mapanga yanazunguka, mabawa yako juu ya bodi na injini ziko mbili, hiyo mara nyingi ni Q400 au ATR, siyo jeti, leo hatuzigusi.

Kwenye jeti, usianze na rangi wala maandishi maana kampuni inaweza kupaka chochote na ndege za kukodi ndo kabisa. Angalia injini ziko wapi. Ziko chini ya mabawa au ziko nyuma karibu na mkia? Hapo umeshagawa kazi nusu kwa nusu.

Zikiwa chini ya mabawa na ndege ni ndogo kuliko 737, kwa hapa kwetu utakuwa unaangalia E190 au A220. E190 ndo zile Kenya Airways wanazotumia sana kuja Dar, abiria 96, viti viwili kushoto viwili kulia, hakuna mtu wa kati. Ukiitazama kwa mbele bodi yake haiko duara kamili, imesimama kama yai, ndefu kwenda juu kuliko upana. A220-300 ya Air Tanzania inabeba watu 132, viti viwili kushoto na vitatu kulia, bodi imejaa zaidi. Lakini kitu kinachoonekana haraka ukiwa mbali ni injini. Feni ya injini ya E190 ina upana wa kama mita 1.35, ya A220 ni kama mita 1.85, yaani nusu mita nzima zaidi, kwa hiyo ukiona ndege ndogo imebeba mapipa makubwa ambayo kama hayalingani na mwili wake, hiyo ni A220.

Ila angalia kuna mtego, Embraer, watengenezaji wa E190, wametoa kizazi cha pili kinaitwa E2 na chenyewe kina injini kubwa za Pratt & Whitney za aina hiyo hiyo ya A220. Hapo angalia ncha za mabawa, E190 ya zamani ncha zimekunjwa kwenda juu, E2 hazijakunjwa, bawa linachongoka tu kurudi nyuma. Afu ikipita juu yako angalia tumboni, ya zamani matairi yanaonekana hata yakishaingia ndani, E2 yamefunikwa na milango kabisa.

Ndani ya familia ya Embraer yenyewe kuna E170, E175, E190 na E195. Hizi mbili za mwanzo hazina mlango wa dharura juu ya bawa, hizi mbili za mwisho wanao. Hiyo alama haidanganyi, na ni nzuri kuliko kukadiria urefu kwa macho maana macho yanadanganya sana ndege ikiwa peke yake angani.

Sasa tuje kwenye injini za nyuma na mkia wa herufi T. Hapa watu wanachanganya CRJ na ERJ145 kila siku, hadi majina yanafanana. CRJ900 ndo wanazo Uganda Airlines, zile nne za abiria 76, mbili za kwanza zilitua Entebbe Aprili 2019. RwandAir nao wanazo. CRJ ina ncha za mabawa zilizokunjwa juu, ERJ145 nyingi hazina, bawa limenyooka tu likaisha. ERJ145 ni nyembamba kama penseli, pua yake ndefu imechongoka, na ndani kuna kiti kimoja kushoto na viwili kulia. Ukiona hivyo basi.

Na CRJ zenyewe unazigawa kwa milango ya dharura juu ya bawa. Miwili kila upande ni CRJ900 au CRJ1000, mmoja ni CRJ700 au CRJ200. CRJ200 ni fupi, mita 26.8 hivi wakati CRJ900 inafika kama 36, na ile ndogo ina tabia moja naipenda sana, ikija kutua inainamisha pua chini kama inatafuta kitu ardhini. Sababu ni kwamba mbele ya bawa haina vile vibawa vinavyochomoza kuongeza nguvu ya kubeba, CRJ700 kwenda juu wamewekewa. Kwa hiyo hata jioni ukiona kivuli tu, pua iko chini hadi karibu kabisa na ranwei ndo inanyanyuka, andika CRJ200.

Haya, majina. CRJ ni Canadair Regional Jet, na mzizi wake ni ndege ya matajiri inaitwa Challenger, wazo la Mmarekani Bill Lear ambalo Canadair ya Kanada walilinunua mwaka 1976. Bombardier wakainunua Canadair 1986, wakairefusha ile Challenger ikawa ya abiria, ikaruka mara ya kwanza 1991. Ndo maana mpaka leo kwenye makaratasi CRJ900 inaitwa CL-600-2D24, jina la Challenger bado limo humo.

Embraer wa Brazil ndo wametuvuruga zaidi. Ile nyembamba kama penseli watu wanaita ERJ145, lakini cheti chake rasmi cha aina ya ndege kinasema EMB-145. Afu zile kubwa za injini chini ya mabawa zilitangazwa 1999 kwa jina la ERJ-170 na ERJ-190, baadaye kwenye biashara wakaacha ERJ wakaziita E-Jet, ila kwenye cheti ERJ ikabaki. Yaani inayoitwa ERJ mtaani ni EMB kwenye karatasi, na ambayo mtaani siyo ERJ ndo ERJ kwenye karatasi! E175 pale ni ERJ 170-200, E195 ni ERJ 190-200. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimepanda ERJ" usibishane naye, muulize injini zilikuwa wapi.

Na A220 hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Desemba 2016 serikali ya Tanzania iliagiza ndege mbili zinaitwa CS300, za Bombardier. Bombardier walikuwa wameelemewa na gharama za huo mradi, tarehe 1 Julai 2018 Airbus wakachukua zaidi ya nusu ya hisa, na siku chache baadaye CS300 ikawa A220-300. Kwa hiyo Desemba 2018 ndege iliyotua Dar ilikuwa ile ile iliyoagizwa, jina tu ndo jipya. Baada ya hapo Bombardier wakauza na Q400, 2019 zikarudi kwenye jina la De Havilland Canada, na 2020 mradi wa CRJ ukaenda Mitsubishi ya Japani. Leo hawatengenezi ndege ya abiria hata moja, wamebaki na zile za binafsi.

Mwezi uliopita nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa juu ya paa, simu mkononi na Flightradar24 (app ya kufuatilia ndege), A220 inakuja. Akaniuliza, "Mjomba, mbona hapa wameandika BCS3?" Nikamwambia hizo ndo kodi, yaani vifupisho vya aina za ndege wanavyotumia waongoza ndege, CRJ900 ni CRJ9, ERJ145 ni E145, E190 ni E190 hivyo hivyo, na BCS3 inatoka kwenye Bombardier CSeries, jina limebadilika ila kodi hawajaigusa. Akashuka ngazi mbio akipiga kelele, "Babu, ulikuwa sahihi, ni bombadia!"