Kabla hujashusha stelingi reki nyumbani

Breki za gari zina njia mbili za mafuta, na zote zikigoma bado una hendibreki. Usukani hauna akiba ya namna hiyo. Kati ya mikono yako na matairi ya mbele kuna shafti moja, reki moja (chuma chenye meno kinachogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kushoto na kulia) na tairodi mbili, yaani fimbo zinazounganisha reki na matairi. Boliti inayobana shafti kwenye reki ni ndogo, mara nyingi ya spana namba 12, na ikiachia barabarani gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kubadilisha reki ni kazi ambayo mwenye spana nzuri na subira anaweza kuifanya uani kwake, lakini mimi huipa maandalizi marefu kuliko kazi yenyewe.

Anza kwa kuhakikisha kwamba reki ndiyo mgonjwa. Gari likigonga ko-ko-ko kwenye barabara ya vumbi, wengi hukimbilia kununua reki, kumbe zilizokwisha ni bushi (mipira ya viungo) za mikono ya chini inayoshikilia matairi, au tairodi endi, yaani ncha za tairodi, au joint ya shafti. Zima injini, mwombe mtu akae ndani azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, nawe ulale chini ushike kila kiungo kwa vidole. Kilichokwisha utakisikia kikicheza mkononi. Kisha minya mipira ya reki, ile yenye mikunjo kama akodiani. Kama reki ni ya mafuta na unasikia yanachezacheza ndani ya mpira, sili zinazozuia mafuta yasivuje zimekufa, hapo hakuna ubishi.

Jua pia gari lako lina pawa ya aina gani, yaani msaada unaoulainisha usukani. Corolla 110 na Carina Ti zinasukumwa na mafuta, kwa hiyo kuna paipu mbili za kufungua na hewa ya kutoa baadaye. Vitz nyingi na Passo zina mota ya umeme huku juu kwenye shafti ya usukani. Reki yake haina paipu wala tone la mafuta, na kazi inapungua sana. Ukiwa bado chini, mulika tochi uangalie reki itatokea wapi. Katika magari mengi ya kuvuta mbele imelala nyuma ya injini, juu ya krosmemba, ile boriti ya chuma inayopita chini ya injini. Kama inaweza kupenya kwenye uwazi wa tairi, endelea. Kama ni lazima krosmemba ishuke huku injini ikiwa imeegemea hapo, nakushauri kwa dhati umpelekee fundi mwenye vifaa vya kushikilia injini. Sioni sababu ya kuhatarisha maisha kwa ajili ya kuokoa hela ya ufundi.

Spea nyingi tunazonunua ni za mtumba, na hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua reki safi, imepigwa brashi inang'aa, iliyokuja kutoka Dubai. Gari lilikuwa limeshafunguliwa ndipo nikaona pinioni yake, gia ndogo inayopokea shafti ya usukani, iko upande wa kushoto. Kule usukani uko kushoto, kwetu uko kulia, na reki ya namna hiyo haifungiki kwa dawa yoyote. Gari lilikaa juu ya stendi siku nne. Sasa kabla ya kwenda dukani napiga picha reki ikiwa bado garini, nalinganisha upande wa pinioni, matundu ya kufungia, mahali pa paipu na unene wa nyuzi za tairodi. Palepale dukani zungusha pinioni kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Ikikwama katikati au ikitoa mikwaruzo, iache.

Sakafu iwe ya zege. Jeki juu ya mchanga hudidimia hata ukiiwekea ubao. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala na tofali, maana tofali hupasuka bila kukuonya. Tafuta stendi mbili za chuma, na weka kabari nyuma ya matairi ya nyuma.

Usiku wa kuamkia kazi, pulizia WD-40 kwenye nati za tairodi na boliti za kushikilia reki. Weka tayari pula ya kung'olea tairodi, kota pini mpya za kufungia nati zake, na washa (pete) za shaba au oringi (pete za mpira) za paipu kulingana na gari lako. Mafuta ya pawa yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Kwa nati za paipu tafuta spana maalumu inayokumbatia nati karibu pande zote, kwani spana ya kawaida huila kona ukabaki unahangaika na plaizi.

Asubuhi, nyoosha matairi, toa ufunguo, kisha funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke hata kidogo. Nyuma yake kuna kebo ya duara inayopeleka umeme kwenye honi na eabegi. Shafti ikishaachana na reki, hakuna cha kuuzuia usukani usizunguke kupita kiasi, na kebo hiyo hukatika. Chomoa waya hasi wa betri na usubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu. Piga alama ya rangi kwenye shafti na pinioni, na hesabu nyuzi za tairodi zinazoonekana kila upande, uziandike. Reki mpya nayo itafutiwe katikati: hesabu mizunguko yote, gawa kwa mbili.

Panga mapema pa kupiga alaimenti, yaani kunyoosha matairi kwa mashine, pawe karibu, na uende taratibu, kwa sababu kuhesabu nyuzi kunakufikisha huko tu, hakunyooshi matairi. Kabla ya kutoka getini, zungusha usukani mwisho hadi mwisho gari likiwa bado juu, kisha rudi chini na tochi na spana uikague tena ile boliti ndogo ya shafti.