SOMO: Kufunga redio ya VHF kwenye gari la safari za porini (someni kabla ya kuuliza)

Kila klabu ikikaribia kutoka, inbox yangu inajaa swali lile lile: "Nimefunga redio ya wati 50, mbona gari la nyuma halinisikii?" Jibu nimeliweka hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku bila salamu.

Nazungumzia redio za ridhaa (za watu binafsi wenye leseni, si za biashara), bendi ya VHF ya mita 2, yaani 144 hadi 146 MHz.

Hatua ya 1: Leseni. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Alama yako ya mwito itaanza na 5H. Kama huna, sikiliza tu, usibonyeze.

Hatua ya 2: Redio. Yoyote ya gari, wati 25 hadi 50. Msigombanie wati. Kutoka wati 5 hadi 50 unaongeza desibeli 10 tu, na antena iliyofungwa vibaya inazimeza zote.

Hatua ya 3: Umeme. Uchukue betrini moja kwa moja, achana na tundu la kuwashia sigara. Redio ya wati 50 inavuta ampea 10 hadi 12 ukibonyeza. Tumia waya wa milimita za mraba 4, na fyuzi ya ampea 15 upande wa chanya, isiyozidi sentimita 20 kutoka kichwa cha betri. Fyuzi iliyo karibu na redio inailinda redio peke yake. Waya ukichunika mahali unapopenya ukuta wa injini, gari linawaka na fyuzi hiyo iko nzima. Tundu la ukutani liwe na raba.

Hasi ifunge kwenye bodi, pale waya mkubwa wa hasi wa betri unapofungwa. Usiifunge kichwani mwa betri. Waya ule mkubwa ukilegea, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, na njia yenyewe itakuwa waya wako mwembamba wa redio.

Hatua ya 4: Kikalio cha antena. Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa, kwa hiyo someni taratibu.

Antena ya robo wimbi (sentimita 49 hivi kwa 145 MHz) ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lenyewe. Ukiifunga kwenye keria iliyopakwa rangi ya unga, rangi ile ni kihami, na keria yenyewe imekalia raba. Hapo umebaki na nusu antena, na kebo yako inajifanya nusu nyingine. Dalili yake: ukishika kebo kwa mkono, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) inabadilika.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa, kama moyo wako unakuruhusu kutoboa. Usipotaka kutoboa, tumia mfereji wa paa wa Land Cruiser 70, au ukingo wa boneti. Kwangua rangi chini ya kikalio mpaka bati ling'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi na rangi kuzunguka kiungo ili kutu isiingie. Pima kwa multimita kutoka kikalio hadi hasi ya betri: iwe chini ya ohm 1. Boneti ina tatizo lake, kwa sababu bawaba zina grisi. Iunganishe na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa, mfupi, sentimita 10 inatosha.

ONYO: kuna mafundi wanaovuta waya wa mita nzima kutoka keria hadi chesisi, wanapima, multimita inasema sifuri, wanalipwa, wanaondoka. Multimita inapima kwa umeme wa betri, si wa redio. Kwa 145 MHz mita moja ni karibu nusu wimbi, kwa hiyo waya ule si ethi, ni antena nyingine uliyoifunga bila kujua. Kiunganishi kiwe kifupi na kipana au kisiwepo.

ONYO la pili: antena ya sumaku inafaa kwa majaribio, lakini paa la Defender ni alumini, haishiki. Na inaposhika, tawi la kwanza la mgunga linaichukua.

Canopy ya faiba haina bati. Huko tumia antena ya nusu wimbi, haihitaji bati chini yake.

Hatua ya 5: Kebo. RG-58, mita 4 au 5. Isibanwe na mlango, na inayozidi ikate. Ukishachoma risasi kwenye PL-259 (plagi ya kebo ya antena), pima kati ya pini na ganda kabla hujafunga antena: kusiwe na mawasiliano. Unywele mmoja wa waya wa nje unatosha kuleta shoti.

Hatua ya 6: SWR. Funga milango na boneti, gari liwe mbali na kuta na mabati. Weka wati 5, taja alama yako, pima kwa 144.1, 145.0 na 145.9. Chini ya 1.5 ni safi, mpaka 2 endelea na safari, ikizidi 3 usibonyeze. Ikiwa ndogo upande wa 144, antena ni ndefu. Punguza milimita 2 kila mara, kwani milimita 3 na nusu ni kama megahezi 1. Ikiwa mbaya pote kwa usawa, WEKA CHINI KOLEO. Urefu hauna kosa. Rudi hatua ya 4.

Hatua ya 7: Kupanga redio. Chaneli ya msafara tuseme 145.450, ya akiba 145.475. 145.500 ni ya kuitana, usipige soga pale. Kuanzia 145.800 waachie setilaiti. Toni zote (mlio wa chini ambao redio husubiri ndipo ifungue spika) zizimwe: gari moja likiacha toni ya kupokea, halisikii mtu, na dereva ataapa redio yake ni nzima. Kikomo cha kubonyeza kiwe sekunde 60, maana mike iliyokaliwa na abiria inafunga chaneli ya msafara wote.

Hatua ya 8: Njiani. Bonyeza, subiri sekunde moja, sema. Gari la mbele linataja hatari, la mkia linathibitisha: "Mkia umetoka korongoni." Wakati wa winchi anaongea mtu mmoja tu, wengine wote wana neno moja: "Simama." Kila asubuhi zungusha PL-259 kwa vidole. Barabara ya rasta inazilegeza zote.

---

Kijana wa Hilux: Somo zuri mkuu. Redio gani ina nguvu zaidi?

Mkia wa Msafara: Hatua ya 2.

Prado Nyeusi: Yangu nikibonyeza inazima na kuwaka. Itakuwa mbovu, ni ya mtumba.

Mkia wa Msafara: Waya gani?

Prado Nyeusi: Wa spika, kama mita 4. Fundi alisema unatosha.

Mkia wa Msafara: Unatosha spika. Tuseme ni wa milimita 1: mita 4 kwenda na 4 kurudi ni ohm 0.14, kwa ampea 12 unapoteza volti 1.6. Betri ina 12.4 injini ikiwa imezimwa, redio inabakiwa na 10.8 na inajizima. Kwa waya wa milimita 4 ungepoteza 0.4. Redio yako ni nzima.

Safari Sita: Kampuni yetu ina magari sita ya wageni. Tukifunga hivi?

Mkia wa Msafara: Hapana. Redio za ridhaa si za biashara. TCRA wana leseni nyingine ya redio za kampuni.

Safari Sita: Mbona wengine wanatumia?

Mkia wa Msafara: Waulize wao.

Mama Landrover: Kaka, shikamoo ya somo. Kwa nini unasisitiza sentimita 49 wakati ile ndefu ya 5/8 ya wimbi inasemekana inafika mbali?

Mkia wa Msafara: Marahaba dada, swali zuri hili. Kwenye tambarare kinachokuzuia ni mviringo wa dunia. Kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, mara 4.12, ndiyo kilomita za upeo wako wa redio. Antena ya mita 2 juu ya ardhi ina kilomita 5.8, magari mawili jumla 11 na kitu. Ndefu inakuongezea kidogo, lakini nguvu yake imelala chini kama sahani, na gari likiinama korongoni sahani nayo inainama. Halafu ina mita 1 na robo ya kung'ang'aniwa na miiba. Ukitaka umbali, panda. Mtu mwenye redio ya mkononi juu ya kilima cha mita 100 ana upeo wa kilomita 41.

Mama Landrover: Kwa hiyo tukipanda ukingo pale Ngare Sero, walio chini watatusikia vizuri zaidi?

Mkia wa Msafara: Walio mbali kwenye tambarare, ndiyo. Walio chini kabisa ya ukingo wako kivulini, hawapati kitu. Acha gari moja ukingoni lipokezane ujumbe.

Canter ya Kambi: Yangu ni volti 24. Nichukue betri moja kati ya mbili?

Mkia wa Msafara: Usithubutu. Betri unayoikamua itakuwa na njaa kila siku na mwenzake atachajiwa kupita kiasi, zote zitakufa. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12, ampea 20.

Fundi Usa: Naongezea: mkisikia ngurumo redioni isiyoisha, zimeni taa za LED za bampa na kamera ya kioo cha mbele kabla hamjalaumu altaneta. Fungua skwelchi (kitufe cha kuzima kelele), chomoa kimoja kimoja, usikilize.

Mkia wa Msafara: Kweli kabisa fundi. Kamera za bei rahisi ndizo mbaya kuliko zote.

Kijana wa Hilux: Na hii ya mkononi naweza kusikiliza polisi?

Mkia wa Msafara: Hapana.

Msafiri wa Namanga: Tunakuja kutoka Nairobi, nina leseni ya Kenya. Inatosha?

Mkia wa Msafara: Haivuki mpaka yenyewe. Omba kibali TCRA mapema, si siku ya kusafiri. Karibuni sana.

Mama Landrover: La mwisho kaka. Kambi ikiwa Natron, na Gelai na Kitumbeine ziko katikati, Arusha naipataje?

Mkia wa Msafara: VHF sahau. Kama leseni yako inaruhusu HF (masafa ya chini ya 30 MHz), tumia bendi ya mita 40, yaani 7 MHz, mchana. Dipole (antena ya mikono miwili) ya waya, mita 10 kila upande, ining'inie mita 3 tu juu. Ikiwa chini hivyo mawimbi yanapanda wima, yanarudi na kufunika mamia ya kilomita kuzunguka, milima haina la kusema. Usiku hamia 3.6 MHz, kila upande karibu mita 20.

Mama Landrover: Naifunga kwenye miti moja kwa moja?

Mkia wa Msafara: Kwa kamba ya nailoni, mita moja au zaidi kati ya waya na mti. Na kwa kuwa iko chini, funga kitambaa chekundu kila ncha na uwaambie watoto wa kambini. Ncha ndizo zenye volti nyingi, ukibonyeza na wati 100 zinababua vidole.