Mwache mteja akutangazie
Ukiuza mchele wa Kyela pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, usikimbilie kulipa studio kabla hujamwomba mteja wako wa siku nyingi ajirekodi kwa simu yake akiwa jikoni kwake. Anapofunua sufuria, mvuke ukafifisha kamera na mtoto akasikika nyuma akidai ukoko, mtazamaji huamini kwa sababu anaona nyumba inayofanana na yake, ilhali sauti ya mtangazaji wa kukodiwa humkumbusha tu kwamba kuna mtu anayeitaka fedha yake. Hata makampuni makubwa yamelitambua hilo: mwaka 2009, tangazo la vitafunio vya Doritos lililotengenezwa na ndugu wawili wa Indiana, Marekani, liliongoza kura ya gazeti la USA Today miongoni mwa matangazo ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, nao wakazawadiwa dola milioni 1.

Usimwandikie mteja maneno ya kusema. Mwulize swali moja tu, kwa mfano anatia maji kiasi gani kwa kilo moja, kisha umwache aeleze kwa lafudhi yake, akiwa karibu na dirisha lenye mwanga, kwa kuwa nje upepo wa kipupwe humeza sauti. Akijikwaa kwenye neno, liache. Mimi hukata salamu pekee, nazo huku kwetu Mbeya ni ndefu kweli. Pata ruhusa yake kabla ya kuirusha video hiyo, na kama ulimpa mchele wa bure, lisemwe wazi ndani ya tangazo.