Kabla ya kuomba bei mpya ya VMware, jua kwanza una leseni ipi

Mkataba wa leseni ukikaribia kuisha, swali huja kwa mtu wa TEHAMA: tuna nini hasa? Ukijibu "tuna ESXi 7" hujajibu. ESXi ni programu ya VMware inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, na 7 ni toleo tu. Amri ya vmware -vl itakuonyesha toleo na namba ya build, lakini haitakwambia daraja la leseni, kama ni Standard, Essentials Plus au Enterprise Plus, maana zote husakinishwa kwa faili moja la ISO. Kinachozitofautisha ni ufunguo wa herufi 25 unaoingizwa baadaye. Kwa hiyo usipoteze muda kupekua makabati ukitafuta diski ya usakinishaji.

Hakikisha kwanza una njia ya kuingia: nywila ya root ya kila seva, na akaunti ya msimamizi wa vCenter (programu ya kusimamia seva nyingi za ESXi pamoja) kama ipo. Kazi nyingi hukwama hapa, kwani aliyesakinisha alishahamia kwingine na nywila ameondoka nazo kichwani.

Ukiwa na vCenter, fungua Administration kisha Licensing, utaona kila ufunguo na seva zinazoutumia. Seva inayojitegemea ina ukurasa wake kwenye kivinjari. Nenda Manage, halafu Licensing. Anayependa kuingia kwa SSH, yaani kwa amri kutoka mbali, aandike vim-cmd vimsvc/license --show na asome mstari wa name. Kagua seva moja moja, hata kama zilinunuliwa siku moja.

Ukikuta serial ni sifuri tupu, 00000-00000 hadi mwisho, na jina ni Evaluation Mode, acha mengine yote kwanza. Seva hiyo iko kwenye majaribio. Hadi toleo la 8, majaribio ni ya siku 60, na ndani ya siku hizo huduma zote za Enterprise Plus zinafanya kazi. Ndiyo maana huwezi kukisia leseni kwa kuangalia kinachofanya kazi: DRS, huduma ya kusawazisha mzigo kati ya seva, inagawa mzigo vizuri, kumbe ni ya kuazima. Siku zikiisha, seva inakatika kutoka vCenter. Mashine pepe zinazotembea zitaendelea kutembea, lakini mashine pepe ikishazimwa haiwaki tena. Umeme ukikatika usiku na UPS ikaishiwa, asubuhi mfumo wa uhasibu hautaamka. Basi usizime wala kuwasha upya chochote kabla hujajua hali ya leseni.

ESXi ya bure nayo ina dalili zake: haikubali kuunganishwa na vCenter, na mashine pepe moja haipewi zaidi ya vCPU (prosesa pepe) 8. API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huzungumza nayo, ni ya kusoma tu, hivyo programu za kuchukua nakala rudufu kupitia API hiyo hugoma. Broadcom, walioinunua VMware Novemba 2023, waliiondoa Februari 2024 kisha wakairudisha Aprili 2025. Na kumbuka vCenter ina leseni yake mbali na ya seva.

Sasa hesabu viini vya prosesa, maana bei inatoka huko. Leseni za zamani zilihesabu prosesa, kila moja ikibeba hadi viini 32. Usajili wa sasa unahesabu viini, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na visivyopungua 16. Andika esxcli hardware cpu global get. Ukiona CPU Packages 2 na CPU Cores 24, una prosesa mbili za viini 12, lakini utatozwa viini 32. Mstari wa CPU Threads uuache, hautozwi. Kwa seva za zamani zenye prosesa ndogo, mimi naona hesabu hii ifanywe kabla hata ya kumpigia muuzaji simu.

Ufunguo ulio ndani ya seva haujathibitisha kwamba ni wenu. Tafuta ankara, na ulize kama leseni ilikuja pamoja na seva kutoka kwa mtengenezaji. Kisha linganisha na akaunti ya kampuni kwenye tovuti ya Broadcom. Ile ya zamani, Customer Connect, ilifungwa Mei 2024. Leseni za kudumu hazijauzwa tangu Desemba 2023, ila mliyonayo bado ni halali kutumia. Lakini ufunguo wa 7 haufungui 8, na msaada wa kawaida wa vSphere 7 (kifurushi chenye ESXi na vCenter) uliisha tarehe 2 Oktoba 2025.

Ukimtumia muuzaji picha ya skrini, funika ufunguo. Anachohitaji kwa bei ni jina la leseni, idadi ya prosesa na viini, na tarehe ya kuisha.