Kalamu Inaposimama Katikati ya Jina Lako: Mwongozo kwa Msomaji Anayekwenda Kutiwa Sahihi Kitabu

Nilipofika mbele ya meza nilimpa mwandishi kikaratasi chenye jina langu, kama walivyofanya walionitangulia, naye akaanza kuandika bila kuinua macho. Aliandika jina langu, akaanza la baba, kisha kalamu ikasimama kwa muda uliotosha wino kuacha nukta nene ubavuni mwa herufi ya pili.

“Huyu ni nani kwako?” akauliza.

“Ni baba yangu, mama.”

“Ndiye aliyenifundisha kusoma. Yu hali gani?”

Baba alikuwa amefariki miaka sita kabla ya siku hiyo. Nilijibu kwa sauti ya chini kwamba ametutangulia, lakini ukumbi ulikuwa na kelele na watu wa nyuma walikwisha kusogea, mwandishi hakunisikia. Akamaliza kuandika, akanishika mkono na kusema, “Msalimie sana.” Nikachukua kitabu nikaondoka. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya msomaji atakayejikuta pale niliposimama mimi, ili asiondoke kama nilivyoondoka.

Maandalizi yaanzie kwenye kurasa ambazo wengi huziruka. Kabla ya kwenda, soma tabaruku (maneno ya kumtunukia mtu kitabu), ukurasa wa shukrani na maelezo mafupi ya mwandishi yaliyo kwenye jalada la nyuma, kwa sababu humo ndimo waandishi huwataja walimu wao, majirani zao, wauguzi waliowahudumia wazazi wao na watu waliowapa chumba cha kuandikia. Mimi sikuzisoma kurasa hizo hadi niliporudi nyumbani, na jina la baba lilikuwamo, mstari wa tatu kutoka chini. Aidha, ukipewa kikaratasi cha kuandika jina ili mwandishi asilikosee, andika majina yako yote mawili kwa herufi kubwa hata kama ungependa atumie moja tu. Jina langu la kwanza peke yake lisingemwambia chochote.

Iwapo unashuku mapema kwamba kuna uhusiano, na unayo picha au barua inayouthibitisha, chukua nakala yake na uiache asili nyumbani, kwa maana meza ya namna hiyo hujaa karatasi na vitu hupotea. Nyuma ya nakala andika majina ya waliomo pamoja na mwaka.

Mbele ya meza huna muda mrefu, nami naamini kwamba kuuheshimu muda wa wanaosubiri ni sehemu ya kumheshimu mwandishi mwenyewe. Baada ya salamu, sema sentensi moja yenye mambo matatu: jina la mtu mnayemfahamu wote wawili, uhusiano wako naye, na mahali au mwaka. Kwa mfano: “Mwalimu uliyemtaja kwenye shukrani ni shangazi yangu, na nilikuwa nikiishi naye miaka ile aliyokufundisha.” Kisha nyamaza. Ukianza kwa kusema kwamba huenda mnafahamiana na mtu fulani, utakuwa umemtwika kazi ya kukuhoji ilhali mkononi ana kalamu na mbele yake ana foleni. Na kwa kuwa majina hufanana, usikimbilie kudai undugu kabla mambo mawili au matatu hayajaoana.

Jambo gumu kuliko yote ni habari ya msiba. Ukiulizwa hali ya mtu aliyefariki, inama karibu, useme waziwazi kwamba alifariki na mwaka gani, halafu usubiri uhakikishe kwamba umesikika. Usiogope kumharibia mwandishi siku yake. Akihitaji kutulia, wasaidizi watasimamisha foleni, nawe utasogea pembeni. Ukimya wangu uliniacha na salamu nisizoweza kuzifikisha, na ulimwacha yeye akiamini kwamba mwalimu wake yu hai.

Tahadhari nyingine inahusu hadithi ya kubuni. Ikiwa umemtambua ndugu yako ndani ya mhusika, usimkabili mwandishi hadharani, kwa kuwa mhusika mmoja aghalabu hushonwa kutokana na watu kadhaa, na swali la namna hiyo linastahili barua.

Kabla ya kuondoka, mwachie msaidizi aliyeketi kando ya mwandishi karatasi yenye jina lako, anwani yako na maneno machache ya kumkumbusha mwandishi wewe ni nani. Ni afadhali kuacha anwani yako kuliko kuomba ya mwandishi, na usitoe namba ya ndugu mwingine yeyote kabla hajakuruhusu.

Usifunge kitabu mara moja. Wino mbichi huhamia kwenye ukurasa unaotazamana nao, hivyo subiri ukauke au weka karatasi nyeupe katikati. Usiku huohuo andika yaliyosemwa, neno kwa neno kadiri unavyokumbuka, pamoja na tarehe. Wakusanyaji wa vitabu huithamini zaidi nakala ambayo maandishi yake yanaonyesha uhusiano wa mwandishi na aliyeandikiwa kuliko nakala yenye sahihi tupu, ila katika familia hasara ni nyingine: wajukuu watakuta jina na nukta ya wino bila mtu wa kuwaeleza. Weka maelezo hayo ndani ya kitabu kwenye karatasi safi, au yaandike kwa penseli laini kwenye ukurasa mtupu wa mwisho. Usiweke kipande cha gazeti, kwa kuwa karatasi yake hugeuka rangi na kuacha doa.

Barua ndiyo inayomaliza kazi ambayo meza haikuiweza. Anwani ya mchapishaji huwa kwenye ukurasa wa hakimiliki. Mwombe aifikishe barua yako. Iwe ya ukurasa mmoja, ianze kwa kutaja siku ya hafla na maneno ambayo mwandishi alikuandikia, ili akukumbuke miongoni mwa wengi. Yangu ilianza hivyo, na sentensi ya pili ilimweleza kuhusu kifo cha baba. Niliambatisha nakala ya ukurasa mmoja wa daftari lake la mahudhurio, wenye majina ya watoto wa darasa lile. Jibu lilikuja baada ya majuma saba. Kwenye nakala ile, mwandishi alikuwa amezungushia jina lake la utotoni duara la penseli, akauliza kaburi liko wapi, na akaniomba nikija tena nije na kile kitabu, kwa sababu chini ya sahihi kumebaki nafasi.