Somo: Namna ya kupima uzito wa wanafunzi bila kumwaibisha mtoto

Walimu, wazazi na wauguzi wenzangu, salaam. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walishafikia unene uliokithiri. Shule ndiyo mahali pa kuwafikia wengi kwa pamoja. Ila upimaji ovyo unapotosha, na upimaji wa aibu unaumiza.

Hatua ya 1: Anza na wazazi. Waandikieni mapema: nini kitapimwa, nani atapima, majibu atayaona nani. Mzazi asiyetaka aseme, na mtoto wake asiulizwe mbele ya wenzake kwa nini hapimwi. Uingereza, kule England, watoto wa miaka 4 hadi 5 na wa miaka 10 hadi 11 wamekuwa wakipimwa shuleni tangu 2005, na mzazi ana haki ya kumtoa wake.

Hatua ya 2: Tafuta chumba chenye mlango unaofungika. Hapa sikubali mjadala. Niliwahi kushuhudia mwalimu akitaja kilo za kila mtoto kwa sauti ili mwenzake aandike. Alipofika kwa binti mmoja, mstari mzima ukaangua kicheko. Siku tatu mfululizo binti yule hakugusa chakula cha mchana, alikaa dawati la nyuma amefungua daftari, hageuzi ukurasa. Zoezi la kumlinda afya ndilo lililomfundisha kushinda na njaa. Kwa hiyo mtoto aingie peke yake, awepo mtu mzima wa pili chumbani, namba iandikwe kimyakimya. Mtoto akipenda kuupa mgongo mzani, mwache.

Hatua ya 3: Uzito. Mzani wa kidijitali ukae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya zulia. Kabla ya kuanza, weka kitu ambacho uzito wake unaujua uone kama unasema kweli. Viatu na sweta vivuliwe, mifuko imwagwe (utashangaa mawe na funguo zinazotoka humo). Soma hadi desimali moja: 38.4, si “kama 38”.

Hatua ya 4: Urefu. Wengi huharibu hapa kwa kudhani kazi yote ni mzani. Visigino, makalio na mabega viguse ubao, miguu iwe pamoja, macho yatazame mbele, ukingo wa chini wa jicho ulingane na tundu la sikio. Nywele zilizofungwa juu zishushwe. Pima mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, rudia.

Hatua ya 5: Hesabu. BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ni kilo kugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtoto wa kilo 38.4 na mita 1.36 anapata 20.8. Sasa usikimbilie vigezo vya watu wazima! Fungua chati ya Shirika la Afya Duniani ya 2007, ya miaka 5 hadi 19. Kwa mvulana wa miaka 9 kamili, 20.8 ni unene uliokithiri. Kwa msichana wa miaka 9 ni uzito uliozidi tu. Kwa msichana wa miaka 15 ni kawaida kabisa. Na yule mvulana ukimpima na viatu vya sentimita 2, BMI yake inashuka hadi 20.2 na anahama kundi. Ndiyo maana nimesumbua sana na viatu.

Hatua ya 6: Majibu yaende kwa mzazi kwa bahasha iliyofungwa au kwa mazungumzo ya faragha. Utafiti mmoja wa shule za California, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa kutuma majibu nyumbani hakukupunguza unene wa watoto. Barua tupu haitoshi. Mweleze mzazi aende wapi na aanze na nini, na shule nayo ijitazame: vinywaji vya sukari vinauzwa getini? Kipindi cha michezo kinaliwa na hesabu?

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sista, shikamoo. Mwanangu wa miaka 8 ameambiwa uzito umezidi. Nimnyime chakula cha usiku?

Jibu: Marahaba mama. Hapana, usimnyime. Mtoto anayekua mara nyingi hahitaji kupunguza kilo. Uzito ukitulia huku urefu ukipanda, BMI inashuka yenyewe. Toa soda na juisi za sukari, ale pamoja nanyi, alale mapema, acheze walau saa moja kwa siku. Mabadiliko yawe ya nyumba nzima, asijione yeye ndiye mwenye kosa. Na mpeleke kwa mtaalamu wa afya amwangalie mwili mzima.

Swali: Mwalimu wa michezo hapa. Kijana wangu ana misuli, chati inamweka kwenye uzito uliozidi. Inakuwaje?

Jibu: BMI haitofautishi misuli na mafuta. Ni kichujio cha kwanza tu, uchunguzi unafuata. Usimwambie kijana kuwa ni mnene kwa namba moja.

Swali: Je, na wale waliokonda?

Jibu: Asante kwa kuwakumbuka. Kipimo ni hichohicho, na aliye chini sana kwenye chati apewe rufaa haraka vilevile. Zoezi linalotafuta wanene peke yao litampita mtoto mwenye njaa mbele ya macho yetu.

Swali: Mtoto akikataa kupanda mzani?

Jibu: Mwambie sawa, mrudishe darasani. Baadaye, mkiwa wawili, muulize taratibu kama kuna mtu anamtania.